Walitaka nimlete marehemu harusini

Kijana aliingia studio Jumatano moja baada ya alasiri, mvua ya vuli inanyesha, akasimama mlangoni akikung'uta kandambili. Nilidhani kaja kupiga pasipoti saizi. Akatoa salamu, akakaa kwenye benchi, akangoja mteja aliyekuwapo atoke. Kisha akasogea kaunta na kushusha sauti kama mtu anayetaka kukopa.

"Ami, nasikia unafanya hologramu."

"Nani kakwambia?"

"Nimeulizia Darajani. Wakanambia nenda Mlandege, kuna mzee wa studio anajua mambo ya picha yote."

Mzee! Nina miaka hamsini na moja. Lakini tuyaache hayo.

Dada yake anaolewa Wete, Pemba. Baba yao kafariki miaka minne nyuma, na kijana kaweka nadhiri moyoni kwamba siku ya harusi baba atakuwepo ukumbini: asimame kando ya bibi harusi, ampungie mkono, kama aliwezekana yule mwanamuziki wa Marekani aliyekufa zamani akapanda jukwaani kuimba. Pesa anayo kidogo. Picha anayo moja.

Akaitoa kwenye bahasha ya kaki. Pasipoti saizi, nyeusi na nyeupe, pembe moja imeliwa na mende. Mwanamume wa miaka thelathini hivi, masharubu membamba, kaitazama kamera kama mtu aliyeambiwa asitikisike. Nikaigeuza. Nyuma kuna muhuri wa zambarau ninaoujua tangu sijaanza skuli: muhuri wa studio ya marehemu baba yangu, yaani studio hii hii, na chini yake, kwa kalamu ya wino, 1987.

"Baba yako kapigwa hapa," nikamwambia. "Hapo hapo ulipokuwa umekaa."

Akageuka akalitazama benchi.

Nilimwambia arudi baada ya wiki. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyafikiria wiki ile, pamoja na niliyokwisha kuyajua, kwa sababu mimi na neno hili hologramu tuna historia.

Kwanza ile feni ya Darajani, maana ndiyo iliyomleta. Wapitao pale wanaijua: duka la manukato, kioo cha mbele, na ndani yake chupa ya uturi ya rangi ya dhahabu inaning'inia hewani bila kushikwa na kitu, inazunguka, inatoa cheche. Watoto wanabandika pua kwenye kioo. Dada muuzaji ukimuuliza anasema ni hologramu, mashine kutoka China. Siku moja nilikuwa nimesimama pale pale umeme ukakatika. Chupa ikavunjika hewani bila sauti, ikawa vipande vinne vya upinde, vikafifia, na nyuma yake tukaona kilichokuwepo siku zote: feni ya mabawa manne ya plastiki nyeusi, ikipunguza mwendo, kila bawa limepangwa taa ndogo za LED mstari mmoja kama shanga. Mama mmoja kando yangu akasema, "Kumbe ni pangaboi!"

Ni pangaboi kweli. Nikiwa mdogo, likizo kwa bibi yangu Pemba, usiku tulichukua kumbi la nazi lenye moto tukalizungusha gizani, na jicho likaona duara zima la moto ingawa moto wenyewe ulikuwa nukta moja. Jicho halisahau upesi. Feni ile inafanya mchezo huo huo, ila taa zake zinaambiwa na kompyuta ziwake lini na zizime lini. Mchezo mzuri, na sina ugomvi na duka. Lakini hapo hakuna hologramu hata ya kulumangia.

Na yule mwanamuziki? Tupac alionekana jukwaani Coachella, California, tarehe 15 Aprili 2012, karibu miaka kumi na sita baada ya kifo chake. Dunia nzima ikasema hologramu. Ilikuwa video ya kompyuta iliyorushwa na projekta na kuakisiwa kwenye karatasi ya plastiki angavu, nyembamba, iliyotandazwa jukwaani kwa mshazari. Mtazamaji anaona kilicho nyuma ya plastiki na kilichoakisiwa kwa pamoja, akili inavichanganya. Hila hiyo ina zaidi ya miaka 160. John Henry Pepper aliionyesha London mkesha wa Krismasi 1862, akitumia kioo kikubwa na mtu aliyejificha shimoni chini ya jukwaa akimulikwa na taa kali. Kila mmoja wetu anaiona akipanda daladala usiku: uso wako uko nje ya dirisha, unaelea juu ya miti ya Mazizini. Mzuka wa bei nafuu.

Hata jumba la ABBA, bendi ya zamani ya Sweden, kule London, lililofunguliwa Mei 2022, ambako watu wanalia kwa furaha mbele ya wanamuziki waliorudishwa ujana, ni skrini kubwa sana ya LED na mpangilio wa taa wenye akili. Skrini ni skrini.

Basi hologramu yenyewe ni kitu gani?

Mimi huieleza kwa santuri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake ndiyo iliyotikisa sindano na sindano ikachora mfereji. Kila mtikisiko wa koo lake ukawa mkwaruzo. Ukipitisha sindano tena kwenye mfereji ule, unarudishiwa mtikisiko ule ule. Hakuna aliyekaa akabuni sauti ya Siti. Mfereji ulichongwa na sauti iliyotoka kinywani mwake, na mtu anayeisikia santuri leo anasikia kitu kilichomgusa.

Hologramu ni santuri ya mwanga.

Picha ya kawaida, kazi niliyorithi, inafanya jambo moja tu: inapima mwanga kiasi gani umefika mahali fulani kwenye filamu. Haijui mwanga ule umetokea upande gani, wala kama wimbi lake lilifika likiwa kwenye kilele au kwenye bonde. Habari hizo zinapotea pale pale, na pamoja nazo kinapotea kina cha kitu. Ndiyo maana ukiizunguka picha ya mtu huoni shavu lake la pili.

Dennis Gabor, mzaliwa wa Budapest, Hungaria, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya umeme mjini Rugby, Uingereza, alikuwa akihangaika na hadubini ya elektroni iliyotoa picha zenye ukungu. Siku ya Pasaka mwaka 1947, amekaa kwenye benchi la klabu ya tenisi akingoja zamu ya kucheza, wazo likamjia: wimbi ambalo huwezi kulirekodi peke yake, liletee wimbi jingine unalolijua, uyagonganishe, urekodi ugomvi wao. Nenda Forodhani maji yakiwa yamejaa, boti ya Dar ikishapita. Wimbi linakuja, linapiga ukuta, linarudi, linakutana na lijalo. Panapokutana kilele na kilele maji yananyanyuka maradufu, panapokutana kilele na bonde maji yanatulia kana kwamba hakuna kitu. Ukitazama kwa makini unaona mistari imesimama juu ya bahari. Mtu hodari wa hesabu, akipewa mistari ile tu, anaweza kukwambia boti ilipita wapi.

Gabor aliichapisha kazi yake 1948. Akatumia maneno ya Kigiriki, kwetu ni kama kusema andiko zima. Taa aliyokuwa nayo ilikuwa ya zebaki na haikutosha, kwa hiyo hologramu zake za kwanza zilikuwa vidude vidogo vya ukungu vyenye majina ya wanasayansi, Huygens, Young na Fresnel miongoni mwao. Mwanga wa taa za kawaida ni kama umati wa Darajani siku ya mkesha wa sikukuu, kila mtu na mwendo wake. Hologramu ilitaka mwanga unaokwenda kama safu ya maulidi ya homu: wote wanainama pamoja, wote wanainuka pamoja, bega kwa bega. Mwanga wa namna hiyo ni leza, na leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Emmett Leith na Juris Upatnieks wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha hologramu ya treni ya kuchezea mwaka 1964, na watu wakawa wanachungulia nyuma ya kioo kutafuta treni imefichwa wapi. Urusi, Yuri Denisyuk alikwisha buni aina yake, ambayo ukishaipiga kwa leza unaweza kuitazama kwa balbu ya kawaida. Gabor akapewa Nobel ya fizikia 1971.

Kuna sifa moja ya hologramu ambayo mpaka leo inanisisimua kuliko zote. Ukiivunja sahani yake, kila kipande kinakuonyesha kitu kizima, ila kupitia tundu dogo zaidi, kama kuchungulia chumba kwa ufa wa mlango badala ya dirisha. Jaribu hilo na picha ya harusi yako.

Sasa toa kadi yako ya benki kama ina ile nembo inayometameta. Hiyo ndiyo hologramu halali, tena unatembea nayo mfukoni. MasterCard walianza kuibandika 1983. Iinamishe mbele na nyuma: rangi zinabadilika kama upinde wa mvua. Igeuze kushoto na kulia: hapo ndipo pande za umbo zinapobadilika. Ni aina iliyobuniwa na Stephen Benton mwaka 1968. Alikubali kuipoteza pande moja, ya juu na chini, ili picha ionekane kwa mwanga wowote bila leza. Na jinsi zinavyotengenezwa kwa wingi? Kwa muhuri wa madini ya nikeli unaogandamiza mifereji midogo mno kwenye plastiki, kisha inapakwa utando wa alumini. Zinapigwa chapa kama santuri zilivyopigwa chapa. Siyo mimi niliyelazimisha mfano wangu utoshe.

Wapenzi wa muziki wa miaka ile watakumbuka pia stika ya Hakigram, ya COSOTA, chama cha hakimiliki cha Bara, iliyobandikwa kwenye kanda na CD ili kutofautisha nakala halali na za wezi. Jina limetungwa vizuri, haki na hologramu kitanda kimoja. Studio yangu ilikuwa ikiuza CD wakati huo pamoja na picha, kwa hiyo nilizishika nyingi.

Na hapa nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma niliona kwenye intaneti jinsi ya kutengeneza "hologramu ya simu". Unakata vipande vinne vya plastiki ngumu angavu, chini sentimita sita, juu sentimita moja, kimo tatu na nusu, unavigundisha viwe piramidi isiyo na ncha, unaikalisha kwenye skrini ya simu, na picha inaonekana inaelea katikati. Plastiki nzuri kuliko zote kwa kazi hiyo ni kasha la CD. Nikachukua kasha, nikabandua stika nikaitupa, nikalikata. Nikawaonyesha watoto wa mtaa jini akicheza ndani ya piramidi, wakanishangilia, na hivyo ndivyo jina la "mzee wa hologramu" lilivyonipata. Usiku wake, nikizima taa, nikaiona stika sakafuni inametameta kwa mwanga wa koridoni. Nilikuwa nimeitupa hologramu ili nitengeneze isiyokuwa hologramu.

Kwa hiyo kijana wa Wete alikuja kwa sababu ya uongo wangu mdogo, na deni lilikuwa langu.

Ningeweza kumfanyia mzuka wa Pepper. Kitambaa cha wavu, projekta ya kukodi, na siku hizi kuna programu ya kuifanya picha mnato ipepese macho na kupunga mkono. Wapo wanaofanya na wanalipwa. Nilifikiria bibi harusi amekaa juu ya zulia, wanawake wanapiga vigelegele, upepo wa feni unatikisa wavu, na marehemu anapindapinda kiuno. Nikaona siwezi.

Lakini kulikuwa na sababu ya ndani zaidi, nayo ndiyo niliyoizungusha kichwani wiki nzima. Hologramu ya kweli inataka kitu chenyewe kiwepo. Mwanga wa leza lazima umguse, umpige shavuni, urudi na habari zake. Tena kitu kisitikisike hata kwa sehemu ndogo ya wimbi la mwanga, na wimbi la leza nyekundu ya kawaida ni nanomita 633, yaani zaidi ya mia na hamsini kati yake zinaenea kwenye sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndiyo maana meza za kazi hiyo huelea juu ya hewa. Mtu hai anapumua, moyo unadunda, anaharibu kila kitu, mpaka zilipokuja leza za mmweko mfupi mno, na mwaka 1967 Lawrence Siebert akajipiga mwenyewe, mtu wa kwanza kuwa na hologramu ya sura yake. Baba wa kijana alikaa kwenye benchi langu miaka ishirini baada ya hapo, lakini nani angekuwa na leza Mlandege? Mwanga uliomgusa ulikwisha zamani. Kinachoweza kuundwa sasa ni mdoli.

Hii ndiyo sababu pia huwa sikubaliani na vijana wanaosema, kila tamasha la Sauti za Busara likikaribia, kwamba siku moja tumrudishe Bi Kidude jukwaani Ngome Kongwe. Bi Kidude katutoka tarehe 17 Aprili 2013. Kuna filamu zake, kuna sauti yake, na vyote hivyo vilimgusa. Mdoli wa kompyuta atakayetikisa mabega kwa amri ya mtu mwingine atakuwa wa nani? Mkitaka kunibishia, sanduku la maoni liko chini.

Wengine wataniuliza: na zile simu za hologramu? Tunazihitaji kuliko watu wengi. Nusu ya ukoo wangu iko Muscat na Dubai, na mama zetu wanaonana na wajukuu kwa skrini yenye ufa. Google wana mashine waliyoitangaza 2021, na 2025 ikaanza kuuzwa kupitia HP kwa dola 24,999. Wenye bahati ya kukaa mbele yake wanasema ni kama mtu yuko upande wa pili wa dirisha. Ni skrini inayopeleka kila jicho picha yake, kwa msaada wa kamera sita. Nzuri sana, na jina lake si hologramu. Hologramu ya video yenyewe ina mlima wa hesabu mbele yake. Ili mwanga upindishwe vya kutosha uone kitu kwa pande, nukta za skrini ziwe za ukubwa wa nusu maikromita hivi. Skrini ya sentimita kumi kwa kumi, kiganja tu, itataka nukta 200,000 kwa 200,000, yaani bilioni 40. Simu niliyoshika ina milioni mbili na nusu. Ni simu zaidi ya elfu 15 ndani ya kiganja kimoja, zibadilike mara sitini kwa sekunde. Mwaka 2021 Liang Shi na wenzake wa MIT walifundisha kompyuta kupiga hesabu za hologramu upesi kiasi kwamba hata simu inaweza, kwa hiyo upande wa hesabu umepunguza ukali. Skrini yenyewe bado. Kwa mwaka huu shangazi ataendelea kusema "mbona umekwama?"

Kilichonivuta mimi kiko mbali na majukwaa, na kinanigusa mwilini. Nilipokuwa na miaka tisa, kule kule kwa bibi, nilikojoa damu. Wavulana wenzangu walisema ndiyo ukubwa. Kilikuwa kichocho, tulichokipata mtoni tukiogelea kati ya konokono. Siku hizi binti wa dada yangu anafanya kazi ya maabara Pemba, na kazi yake kwa siku nyingi ni ile ile: mkojo mililita kumi unachujwa, kichujio kinawekwa chini ya hadubini, anahesabu mayai. Yai la kichocho chetu lina urefu wa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita na lina mwiba mwishoni. Dawa za kampeni zimepunguza ugonjwa sana visiwani, na hapo ndipo taabu ilipo: mayai yakiwa machache, unatazama vioo kwa vioo huoni kitu, shingo inauma, na lile moja ulilolipitia ndilo litakalorudisha ugonjwa kijijini.

Sasa sikiliza. Kuna hadubini isiyo na lenzi. Taa moja ya nukta, tone la kimiminika, na chini yake chipu ya kamera kama ya simu. Basi. Mwanga unapita, unaogongana na yai unapindika, unakutana na uliopita moja kwa moja, ugomvi wao unarekodiwa, kisha kompyuta inaurudisha kuwa picha. Ni ule ule mpangilio wa Gabor wa 1948, umerudi bila kelele. Kundi la Aydogan Ozcan wa chuo cha UCLA, California, liliufunga hata kwenye simu ya mkononi. Faida yake ni mbili: eneo linaloonekana kwa mkupuo mmoja ni kubwa kuliko la hadubini ya kawaida, na huhitaji kurekebisha ukali wa picha wakati wa kutazama, unaurekebisha baadaye, kwa kina chochote cha tone. Wamekwisha itumia kutambua vimelea vinavyojongea ndani ya damu. Nilimtumia binti yetu maelezo yake. Akanijibu kwa sauti ya WhatsApp, nyuma jogoo anawika: "Ami, wakileta hiyo nitakula mchana kama watu." Wapimaji wa bahari nao wana kamera za hologramu wanazozizamisha kuhesabu vijidudu vinavyoelea, chakula cha samaki, bila kuvivua. Bahari yetu ingekuwa na mengi ya kuzionyesha.

Na kuna jambo moja ninalolitaka kwa uchungu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafa. Jumba la Sultan Barghash la 1883, ambalo baba yangu alilipiga picha kiasi cha kujaza makopo. Nilikwenda Forodhani jioni ile. Vumbi lilikuwa limeshatulia, na watu walikuwa wanatazamana. Nyumbani nikafungua makopo, nikaona mnara wa saa katika picha mia, na hakuna hata moja niliyoweza kuizunguka.

Wagiriki wamepiga hologramu za mayai ya Fabergé, yale mapambo ya dhahabu na vito ya wafalme wa Urusi, kwa njia ya Denisyuk, kwa rangi zote, na anayeyaona anataka kuyashika. Warusi walikwisha kuonyesha hazina zao namna hiyo, hologramu ikasafiri na dhahabu ikabaki nyumbani. Sahani zake si kubwa, mlango mzima wa Mji Mkongwe hauenei. Lakini njumu za shaba zinaenea. Kitasa kinaenea. Msahafu wa mkono uliofunuliwa, daraja ya kanuni, ile ala ya nyuzi, iliyopigwa kwenye kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa mpaka mbao ikalika kwa vidole. Kwa vikubwa kuna hologramu zinazochapishwa kutokana na vipimo vya kompyuta. Kampuni ya Zebra Imaging ya Texas ililitengenezea jeshi la Marekani ramani za miji zinazosimama juu ya meza bila miwani. Sisi vipimo tunavyo. Kuanzia 2016 vijana wa chuo kikuu chetu cha SUZA na Kamisheni ya Ardhi walirusha ndege zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba, wakapiga visiwa vyote. Leza iwahi, kabla mlango haujauzwa na kabla ukuta haujalala.

Wiki ikaisha. Kijana alirudi, safari hii na mama yake, aliyekuja mjini kununua vyombo vya harusi. Bibi wa makamo, buibui jeusi, mkononi kikapu cha ukili chenye embe za Pemba kwa ajili yangu, jambo lililozidi kunitia haya.

Niliwawekea ile piramidi kwenye simu, na picha ya marehemu ndani yake, nikazima taa. Nilitaka waone wenyewe. Kijana akavuta pumzi. Mama akainama, akatazama, akahamia upande wa pili wa kaunta, akatazama, akahamia upande wa tatu.

"Kila nikienda yuko vile vile," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni picha moja imerudiwa pande nne."

"Hanitazami. Huyu mtu alikuwa ukipita nyuma yake anajua." Akasimama wima, akarekebisha mtandio. "Mzime, mwanangu."

Nikamzima. Kijana alinyamaza, nikamwonea huruma. Nikawaambia niliyoyaandika hapo juu, kwa ufupi, bila Wahungari. Kisha nikatoa kopo la biskuti.

Baba yangu hakutupa negative. Ilinichukua usiku tatu kuipata 1987, na majina yameandikwa kwa penseli kwenye karatasi za kufungia sukari. Marehemu alipigwa mara mbili. Ile moja ndiyo iliyosafishwa, mtu aliyeambiwa asitikisike. Ya pili haikusafishwa kamwe, kwa sababu alipepesa macho, tena alikuwa ameanza kucheka, pengine kwa jambo alilolisema baba yangu. Nikaiweka juu ya kisanduku cha taa, nikampa mama kioo cha kukuzia. Negative humpindua mtu: uso mweusi, nywele nyeupe. Nikamweleza kwamba mwanga uliomgusa mumewe siku ile ndio uliounguza filamu hii, haukupita kwingine.

Alikaa nayo muda mrefu. Mvua ilianza tena nje, mtu akaingia kuulizia fotokopi, nikamwashiria asubiri.

"Nisafishie hii," mama akasema. "Kubwa."

"Mama, hiyo kafumba macho," kijana akasema.

"Naona."

Chumba cha giza cha baba sasa ni stoo ya rimu za karatasi, kwa hiyo nitaipitisha kwenye skana na kuichapa A3. Nimewaambia elfu kumi na tano pamoja na fremu. Wanaichukua Jumamosi, kabla ya boti.